Nishani, medali ya wote, tuzo ya kijiji au jiwe la majina: ipi iwafae waliojitolea wakati wa vita?

Mara nyingi shughuli hii huanzia mwisho. Wazee wanakaa, mmoja anawakumbusha wenzake waliojitolea wakati wa Vita vya Kagera, wote wanakubaliana kwamba "hawa wanastahili nishani ya Rais". Barua inaandikwa, inagongwa muhuri wa kijiji, inapelekwa wilayani. Jibu likija huwa ni maswali: nani hasa, alifanya nini, kuanzia lini hadi lini, na nani anashuhudia? Majina sitini yaliyoorodheshwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja hayana majibu hayo, na faili linalala.

Nia haina kosa. Kosa ni kuchagua aina ya heshima kabla ya kujua wahusika ni wangapi, wangapi wako hai, na mkononi kuna karatasi gani. Njia zinazolinganishwa hapa ni nne: nishani ya mtu mmoja mmoja, medali au beji kwa kila aliyetumika, tuzo inayopewa kijiji au kikundi kizima, na jiwe la majina. Tatu za kwanza ni za kitaifa. Ya nne si ya kitaifa, lakini imewekwa kwa makusudi, maana ndiyo pekee ambayo kijiji kinaweza kuianza na kuimaliza chenyewe.

Ni akina nani hasa

Aliyepigana mstari wa mbele njia yake hupitia jeshini, na si ya kujadiliwa hapa. Tunawazungumzia waliobaki nyuma: waliokesha lindo, waliokusanya chakula kijiji kwa kijiji, waliopakia na kushusha, waliosaga, waliowalimia majirani ambao wanaume wao hawakuwapo.

Tarehe zenyewe ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa tarehe 2 Novemba, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni vita vikawa vimekwisha. Ziweke tarehe hizo juu ya kalenda ya mkulima wa Nyanda za Juu Kusini. Mvua zinaanza Novemba. Desemba ni kupanda, Januari na Februari palizi, na mavuno yanaanza Mei. Vita vilikula msimu mzima wa kilimo. Aliyeondoka Novemba aliacha shamba halijapandwa, na debe la mahindi lililotolewa mchango Februari lilitoka kwenye kihenge ambacho sakafu yake ilikwishaanza kuonekana. Debe hilo si sawa na la Agosti. Katika maelezo yoyote mtakayoandika, mwezi wa kutoa utajwe, kwa sababu ndio unaoonyesha uzito wa kutoa.

Maswali matano ya kupimia

Kila njia itapimwa kwa maswali yaleyale. Nani mwenye uamuzi? Ushahidi wa namna gani unatakiwa? Marehemu wanaingia? Inawagusa wangapi, na ni nani anayeachwa nje? Na kipi huharibika, kabla au baada ya sherehe? Gharama haikupewa swali lake, kwa kuwa katika njia tatu za kitaifa gharama kubwa ya kijiji ni nauli, karatasi na muda wa watu. Kwenye jiwe tutaitaja.

Nishani ya mtu mmoja mmoja

Mwenye uamuzi ni Rais. Nishani za taifa, kama ile ya Mwenge wa Uhuru yenye madaraja yake, hutunukiwa na Rais mwenyewe, na mara nyingi sherehe zimefanyika Ikulu karibu na sikukuu kama 9 Desemba au 26 Aprili. Kijiji hakiombi daraja. Kinapendekeza mtu na kueleza tendo, basi. Njia salama ya kupandisha pendekezo ni ngazi za utawala zilizopo: mtendaji wa kijiji, kata, Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Mkoa, kila ngazi ikiambatisha barua yake. Barua iliyoruka ngazi hurudishwa chini kuanza upya.

Ushahidi ndio mgumu kuliko wa njia zote. Nishani ya mtu mmoja hutaka tendo, na tendo lazima liwe la mtu huyo, siyo la kijiji. Sentensi kama "alikuwa mzalendo aliyependa nchi yake" haibebi kitu. Inayobeba ni ile inayosema alikusanya magunia mangapi, kutoka vitongoji gani, kati ya mwezi gani na mwezi gani, alisafirisha kwa nini, na aliyepokea alikuwa nani. Maelezo yasizidi kurasa mbili. Tafuteni mashahidi watatu wasio ndugu zake, angalau mmoja awe wa kitongoji kingine, na maelezo yao yawe hati za kiapo zilizoapwa mbele ya hakimu au wakili. Shahidi asisomewe maelezo ya mwenzake kabla ya kusema yake. Hati tatu zinazofanana neno kwa neno huonekana zimepikwa, hata kama ni za kweli.

Marehemu wanaingia. Familia zimewahi kupokea nishani kwa niaba ya wazee wao waliotangulia.

Anayeachwa nje ndiye anayepaswa kuwanyima usingizi. Ufaransa ilikuwa na nishani iliyoanzishwa na Charles de Gaulle mnamo Novemba 1940 kwa ajili ya waliopigania ukombozi wa nchi hiyo. Walioipata ni watu 1,038. Wanawake kati yao ni 6. Hakuna anayeamini kwamba wanawake waliobeba ujumbe, walioficha watu na kuwalisha walikuwa sita. Nishani ya mtu mmoja huwaona waliokuwa na cheo, amri au tukio lenye jina, na aliyesaga unga miezi saba hana tukio, ana miezi saba. Kijiji kinachopendekeza wanaume watano kwa sababu ndio wenye kadi za mgambo kinarudia hesabu ileile.

Panapoharibika ni penye majina na husuda. Jina kwenye kitambulisho cha taifa, jina kwenye kadi ya zamani na jina analoitwa kijijini mara nyingi ni matatu. Yasipounganishwa kwa hati ya kiapo ya majina, pendekezo linakuwa la mtu asiyejulikana. Husuda ni jambo jingine. Mkipendekeza mmoja kati ya watu ishirini waliofanya kazi moja, wale kumi na tisa watauliza, na watakuwa na haki. Pendekezo lieleze huyu alizidi wapi. Kama hamna jibu, hii si njia yenu.

Kitu kimoja cha kuiga kutoka mbali: Ukraine ilianzisha tuzo ya Rais kwa wanaojitolea, iitwayo Moyo wa Dhahabu, mwaka 2022 huku vita vikiendelea. Faida yake ni kwamba mashahidi wote wapo na tarehe bado mbichi vichwani. Sisi tumechelewa kwa hilo. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1978 alizaliwa 1953, jumlisheni wenyewe.

Njia hii inamfaa mtu mmoja au wawili wenye tendo la wazi, mashahidi hai, na familia iliyo tayari kufuatilia faili kwa muda mrefu.

Medali au beji kwa kila aliyetumika

Hapa swali la "nani alizidi" halipo. Kuna kigezo, na kila aliyekifikia anapata. Mwenye uamuzi ni serikali kuu, kwa sababu medali ya namna hii lazima kwanza ianzishwe, iwe na masharti yake na orodha ya huduma zinazohesabiwa. Kijiji hakiwezi kuiomba kama kinavyopendekeza nishani. Kinaweza kuisukuma kupitia mbunge, kikishirikiana na vijiji vingine. Ni kazi ya miaka, na asiyeambiwa hivyo mapema hukata tamaa mwaka wa pili.

Uingereza ina mifano miwili inayofundisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilitoa Medali ya Ulinzi kwa raia waliotumika nyumbani: walinzi wa kujitolea, zimamoto, waokoaji. Sharti kwa waliotumikia ndani ya Uingereza lilikuwa siku 1,080, yaani miaka mitatu. Jeshi la walinzi wa nyumbani liliundwa Mei 1940 na kupumzishwa Desemba 1944, kwa hiyo aliyejiunga katikati ya 1942, akakesha kila zamu, alikosa. Tena raia alitakiwa kuiomba mwenyewe, na wengi hawakuomba. Mfano wa pili ni wa wanawake walioacha nyumba zao kwenda kulima mashamba ya taifa wakati wa vita hivyohivyo. Kikosi chao kilivunjwa mwaka 1950. Beji yao ilitolewa 2008, miaka 58 baadaye, walipokuwa wamebaki wachache.

Mafunzo ni mawili. La kwanza ni la kigezo cha muda. Vita vyetu havikufika hata miezi minane. Mkipendekeza sharti la miezi sita mfululizo mtawafuta karibu wote, kwa sababu kujitolea kijijini kulikuwa kwa vipande: wiki mbili za kukusanya, siku tatu za kupakia, kisha shambani, kisha tena. Kigezo kinachofaa ni jumla ya siku, au idadi ya mara alizoshiriki, siyo mwezi wa kuanza na wa kumaliza. La pili ni kwamba heshima inayosubiri kuombwa huwafikia walio karibu na ofisi. Bibi wa Ludewa ndani hatajaza fomu ya mtandaoni. Orodha iandaliwe na kata, naye aulizwe tu kama amekubali.

Ushahidi unaotakiwa ni mwepesi kuliko wa nishani: kuonyesha kwamba alikuwapo na alitumika. Marehemu hutegemea masharti; beji nyingi za namna hii hulenga walio hai, basi jambo hilo lidaiwe mwanzoni kabla masharti hayajaandikwa.

Wakati mnasubiri serikali, hakuna kinachokataza kata kutoa cheti au beji yake yenyewe. Mambo matatu tu. Isiitwe nishani. Isiwekwe Nembo ya Taifa bila kibali, maana matumizi ya nembo hiyo yana sheria yake. Na jina lichongwe, lisiandikwe kwa kalamu. Medali ya kawaida ina kipenyo cha milimita 36, hivyo ukingo wake una mzunguko wa milimita 113 hivi. Kwa herufi ndogo za milimita 2 na nafasi zake zinaingia herufi kama 40, zinazotosha majina mawili na wilaya. Medali isiyo na jina, kizazi kimoja tu, inakuwa kitu cha kuchezea watoto.

Inafaa pale watu ni wengi, kazi zao zinalingana, na kumchagua mmoja kungekuwa dhuluma.

Tuzo ya kijiji au kikundi kizima

Hii inasahaulika sana, na kwa maoni yetu ndiyo inayofanana zaidi na jinsi mambo yalivyotendeka. Mchango ulitolewa kwa nyumba kumi kumi, kwa kitongoji, kwa kijiji. Kwa nini heshima irudi kwa mtu mmoja?

Ile nishani ya Ufaransa iliyowapa wanawake sita tu ilipewa pia miji na vijiji vitano. Kimojawapo ni kisiwa kidogo cha Sein, ambacho wanaume wake walipanda mashua Juni 1940 wakavuka kwenda Uingereza kujiunga na mapambano, wakawaacha wake, wazee na watoto na kisiwa kisicho na wavuvi. Tuzo ilipewa kisiwa, na kwa hivyo waliobaki nao wakahesabiwa. Malta ilipewa Msalaba wa George na Mfalme wa Uingereza tarehe 15 Aprili 1942, kisiwa chote, na msalaba huo uko kwenye bendera ya nchi hiyo hadi leo. Karibu zaidi na sisi, vikundi vya kujitolea vya Sudani vinavyoendesha majiko ya pamoja na huduma za dharura mitaani vilipata tuzo mbili za kimataifa mwaka 2025, Right Livelihood na Rafto, kama mtandao mzima. Vita vikiwa bado vinaendelea, kumtaja mtu kwa jina ni kumwonyesha kwa wanaomtafuta. Tuzo ya kikundi inaheshimu bila kunyoosha kidole.

Mwenye uamuzi ni ngazi ya taifa. Ushahidi ni wa kijiji: mihtasari ya mikutano, stakabadhi za michango, daftari la mapokezi, picha. Marehemu wanaingia wote bila mjadala, na huo ndio uzuri wake mkubwa. Hakuna anayeachwa nje, isipokuwa aliyehama.

Panapoharibika ni kwenye mipaka. Kijiji cha 1978 si cha leo. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikuwa imewahamisha watu muda si mrefu, na tangu hapo vijiji vimegawanyika mara kadhaa. Kijiji mama kikipokea tuzo peke yake, vijiji vitatu vilivyozaliwa kutoka kwake vitasusa sherehe. Kaeni navyo pamoja kabla ya kuandika barua ya kwanza, na kila kimoja kipitishe azimio lake katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, mahudhurio yakiwa yamesainiwa. Jambo la pili ni la mahali pa kutunzia. Tuzo ikihifadhiwa nyumbani kwa mwenyekiti itakuwa ya ukoo wake uchaguzi ukipita. Ikae ofisi ya kata au shuleni, kwenye kabati la kioo lenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili, na iandikwe kwenye daftari la mali.

Udhaifu wake usifichwe: bibi anayetaka kuona jina lake haoni jina lake. Kwa hiyo inafaa pale kazi ilikuwa ya pamoja kweli na karatasi za mtu mmoja mmoja zimepotea, na inafaa zaidi ikiambatana na jiwe.

Jiwe la majina

Mwenye uamuzi ni nyinyi. Halmashauri ya kijiji inapanga, mkutano mkuu unapitisha, wilaya inajulishwa kuhusu eneo. Ushahidi ni ule mtakaokubaliana wenyewe, na hapa ni rahisi kulegea. Msilegee, maana jina lililochongwa halifutiki.

Nyanda hizi zina sababu ya pekee ya kulipenda jiwe. Katika Vita Kuu ya Kwanza wapagazi walibebeshwa mizigo ya majeshi yote mawili kupitia Iringa, Njombe na Tukuyu, wakafa kwa maradhi na njaa, na majina yao hayakuchongwa popote. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawakumbuka kwa jumla. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa 1917 kwa kanuni ya kumwandika kila mfu kwa jina bila kujali cheo, ilikiri mwaka 2021 kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Wahindi, hawakukumbukwa kwa usawa, na kwamba wengine wasiopungua 116,000 pengine hawakuandikwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Sababu iliyotolewa zamani ilikuwa ileile mtakayoisikia kwenye kamati yenu: orodha hakuna.

Sasa ufundi, maana mambo mengi huharibikia hapa. Chukueni bamba la granaiti la sentimita 60 kwa 90. Ukiacha sentimita 5 kila upande na 12 za kichwa cha maneno, inabaki nafasi ya 50 kwa 68. Gawanyeni safu mbili za sentimita 24. Herufi yenye kimo cha sentimita 2 huchukua upana wa 1.5 hivi pamoja na nafasi yake, yaani herufi 16 kwa mstari. Hazitoshi. Majina mawili ya Kinyakyusa hufika herufi 18 bila taabu, na fundi asiyeambiwa mapema atakata jina au kulibana lisisomeke. Shusheni kimo hadi 1.6: zinaingia herufi 20 kwa mstari, mistari 25 kwa safu, majina 50 kwa bamba. Kwa kimo hicho mtu aliyesimama hatua mbili anasoma vizuri. Acheni mistari minane mitupu chini. Jina lililosahauliwa huwa linakuja, na huja wiki moja baada ya uzinduzi.

Mchongo uwe na kina cha milimita 3 angalau. Maandishi ya rangi juu ya jiwe laini hupauka kwa jua. Yaliyochongwa hubaki hata rangi ikitoka. Kibao cha shaba kinapendeza, ila wanunuzi wa vyuma chakavu nao wanakipenda. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, vinginevyo michirizi ya rangi ya udongo itashuka juu ya majina kila masika. Msingi uchimbwe hadi udongo mgumu, zege iwe ya saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na imwagiliwe siku saba. Makete na pande za Kitulo, ambako sakitu huanguka Juni na Julai, zege mbichi ifunikwe usiku kwa nyasi au magunia.

Mpangilio wa majina nao una mtego wake. Mkifuata alfabeti Rungwe au Busokelo, karibu kila mtu ataangukia M: Mwakalinga, Mwaipopo, Mwasomola, ukuta mzima. Pangeni kwa herufi inayofuata "Mwa", au kwa jina la kwanza, na mwandike chini ya jiwe mmetumia mpangilio gani. Vyeo viachwe. Wanawake waandikwe kwa majina yao wenyewe, siyo "mke wa" fulani wala "mama" fulani. Kama kijijini anajulikana kwa jina la mtoto tu, ndugu zake waulizwe.

Uzinduzi ufanywe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Ni kiangazi, mavuno mengi yameingia, barabara zinapitika, na viongozi wa wilaya wanatafuta mahali pa kwenda siku hiyo. Mkihesabu kurudi nyuma, msingi uwe umemwagwa kabla ya katikati ya Juni na orodha ya majina iwe imefungwa mwisho wa Aprili, baada ya kubandikwa siku 30 ofisi ya kijiji, makanisani na msikitini ili anayepinga apinge.

Gharama ni yenu yote, na baada ya uzinduzi kuna kufyeka, kuosha na kupaka upya. Lisipokuwa na mtu wa kulitunza, baada ya mvua tatu hamtaliona.

Daftari, kwa njia yoyote ile

Njia zote nne zinakula kutoka sahani moja, nayo ni daftari. Nunueni la jalada gumu, siyo karatasi za kubana. Kila mtu ukurasa wake: majina yote anayojulikana nayo, mwaka na mahali alipozaliwa, alikoishi 1978, alichofanya kwa miezi, alifanya na nani, ushahidi uliopo, hai au marehemu, na ndugu wa kuwasiliana naye. Chini kuna saini au dole gumba, tarehe, na jina la aliyeandika. Mwaka wa kuzaliwa usipojulikana, madaftari ya ubatizo ya misheni kongwe kama Rungwe au Tosamaganga yamewasaidia wengi. Piga picha kila kadi na stakabadhi, mwenyewe abaki na ya asili. Kamati inayokusanya vyeti halisi vya watu ipo siku itavipoteza.

Mitego ya kumbukumbu ni michache na inajirudia. Karatasi ya mtu wa Ludewa au Makambako itasema Mkoa wa Iringa, kwa kuwa Njombe imekuwa mkoa mwaka 2012. Ya Mbozi au Ileje itasema Mbeya, maana Songwe ni ya 2016. Hilo si kosa, lielezwe tu kwa mstari mmoja. Mzee akisema alikuwa sungusungu wakati wa vita, amechanganya: sungusungu lilianza miaka ya 1980, tena Usukumani na Unyamwezini. Usimwandike kuwa mwongo. Muulize silaha aliipokea wapi, nani alikuwa kamanda wa mgambo wa kata, na mvua zilikuwa zimeanza au bado. Kumbukumbu ya mkulima haishiki tarehe, inashika shamba lilikuwa katika hali gani. "Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele" ni ushahidi wa tarehe kama ulivyo muhuri.

Na unapoingia kwa bibi, salamu ya kamwene kwanza, kalamu baadaye. Usimwulize "ulijitolea?" Wengi watasema hapana, kwa sababu neno hilo wanalijua la wanaume walioondoka. Muulize mwaka ule alilima mashamba ya nani.

Kwa hali yenu

Kama mna mtu mmoja mwenye tendo linaloelezeka kwa aya moja na mashahidi watatu hai, pandisheni nishani, na anzeni na hati za kiapo wiki hii, siyo barua. Shahidi mwenye miaka 80 ndiye sehemu ya faili isiyosubiri.

Kama wahusika ni kati ya kumi na hamsini, wengi hai, na kazi zao zinalingana, cheti au beji ya kata sasa, na madai ya medali ya taifa pembeni kupitia mbunge. Msiwaambie wazee kwamba medali ya taifa inakuja hadi ianzishwe.

Kama wengi wamefariki na karatasi hazipo, jiwe. Marehemu hawezi kuomba fomu, ila anaweza kuandikwa.

Kama kijiji kizima kilichanga na hakuna anayekubali kutajwa peke yake, tuzo ya jumla, baada ya kukaa na vijiji vyote vilivyogawanyika kutoka kwa kile cha 1978. Azimio moja likikosekana, ngojeni.

Kama fedha ni kidogo kabisa, bamba dogo la majina 50 linaweza kugharimiwa na michango ya familia zilizoandikwa na zisizoandikwa. Sharti moja: jina lisitegemee mchango. Familia isiyo na kitu, jina lao lichongwe kwa kimo kilekile cha 1.6.

Na kama wazee wenyewe, mkiwauliza, wanasema kilicho cha haraka ni bima ya afya na siyo medali, andikeni hivyo kwenye muhtasari na mpeleke ombi hilo halmashauri kwanza. Daftari lilelile litatumika.